Saladi ya Kulungu

Jumamosi, 12 Aprili

Rhoda amenipa daftari hili leo asubuhi. Anasema amechoka kuona ukuta wa ghala umejaa maandishi yangu ya penseli. "Mambo ya shamba lako andika humu," akasema. "Na ukinisengenya, ujue nasoma." Basi Rhoda, kama unasoma: kahawa ya leo ilikuwa maji matupu.

Shamba lenyewe ni ekari mbili, juu kilimani, pale msitu wa mialoni ulipoacha uwazi. Halilimiwi watu. Nimeendesha lori la maziwa katika mabonde haya ya Wisconsin tangu ujana wangu, nikikusanya maziwa kwa mfugaji mmoja baada ya mwingine, mpaka magoti yakagoma na majira ya baridi yaliyopita nikastaafu. Magoti hayo hayo hayataki tena kuwafuata kulungu bonde kwa bonde kila Novemba. Kwa hiyo mwaka huu kulungu ndio watakaonifuata mimi. Nitawapandia chakula mbele ya dungu langu la kuwindia: klova, majani ya malisho, sasa hivi, na mwishoni mwa kiangazi oti na tanipu, zile mboga za mizizi, ambazo hubaki kijani wakati kila kitu kingine kimekauka.

"Tangu tuoane naomba bustani ya mboga," Rhoda akasema. "Kila mwaka mgongo, mgongo. Leo kulungu wanalimiwa saladi."

"Saladi ya kulungu hurudi nyumbani ikiwa nyama."

"Haya. Na mimi nitaota pembe, labda nitakumbukwa."

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwaga chokaa. Udongo wa kule juu una uchachu, na bila chokaa klova haitaki. Jioni nilirudi mweupe kama mwoka mikate, mbwa wetu akanibwekea kama hanijui.

Emmet Zastrow alisimama upande wake wa uzio akanitazama. Nilimpungia mkono. Akageuka, akaenda zake.

Emmet ni jirani yetu wa mashariki. Miaka mingi nilichukua maziwa kwake, na mkewe Arvilla hakukosa kutoka na biskuti mkononi akinigombeza: "Umechelewa!" hata siku niliyofika kabla ya jua. Kisha wakauza ng'ombe, kama karibu kila mtu hapa alivyouza. Halafu kipande hiki cha kilima kikatangazwa kuuzwa. Emmet alikitaka, nami nikamuwahi. Tangu hapo hanisalimu. Katika bonde hili hata mtu usiyempenda unamwinulia kidole cha shahada juu ya usukani mkipishana barabarani. Emmet haniinulii hata hicho. Kanisani wameacha kuja, yeye na mkewe. Rhoda anasema huenda ni mambo mengine. Mimi nasema ni kilima.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepanda klova. Mbegu ndogo kama mchanga, ukipiga chafya umepoteza nusu ya shamba.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua laini tangu usiku. Sina la kuongeza.

Jumapili, 1 Juni

Imeota! Kilima kizima kina ukungu wa kijani. Nilimpandisha Rhoda dunguni baada ya chakula cha jioni. Dungu langu si lile la kukaa juu ya tawi kama ndege. Ni kibanda cha mbao juu ya nguzo nne, kina viti viwili vya zamani vyenye mito, madirisha pande tatu, na ngazi ambayo magoti yangu yanaikubali. Rhoda alilalamikia kila ngazi. Kisha kulungu jike akatoka na ndama wake, ndama bado ana madoa meupe mgongoni, wakaanza kula. Rhoda akasogea dirishani. Akanishika mkono, jambo ambalo si la kila siku.

Tukishuka akasema, "Ukimpiga huyo mama mwenye mtoto, utapika mwenyewe mpaka ufe."

Alhamisi, 19 Juni

Nyayo shambani. Buti za mpira, kubwa, zimekatiza klova kutoka upande wa Emmet na kurudi. Klova imekanyagwa lakini si vibaya.

Alhamisi, 3 Julai

Hakuna mvua.

Jumatano, 9 Julai

Hakuna mvua. Nyayo tena.

Jumatano, 16 Julai

Hakuna mvua. Klova ya upande wa kusini imekuwa rangi ya tumbaku. Nilijaribu kupandisha maji kwa tangi la trekta, nikafika juu, nikamwaga, ardhi ikanywa na kunitazama kama mtoto anayeuliza "basi?"

Rhoda ananipikia vitu ninavyovipenda bila kusema kwa nini.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeilima upya sehemu iliyoungua na kupanda oti na tanipu. Redio inasema mvua. Redio imesema mvua tangu Juni.

Jumanne, 5 Agosti

Mvua. Mvua ya kweli, ya kupiga bati, ya kufanya mtu atoke nje na kusimama tu. Nilitoka nikasimama. Rhoda alinipiga picha kutoka dirishani na kumtumia binti yetu Karin kule mjini, na Karin akajibu kwamba baba ameshapata wazimu sasa rasmi.

Jumapili, 24 Agosti

Majani ya tanipu yamepita kifundo cha mguu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi nilichokipanda mwenyewe. Jioni nilihesabu bata mzinga wa porini wakipita kwenye oti kama akina mama wanaotoka ibadani, nikapoteza hesabu.

Nyayo zipo. Mara hii zimesimama mahali pamoja muda mrefu, udongo umeshindiliwa, halafu zimerudi. Nani anasimama kwenye shamba la mwenzake muda mrefu hivyo? Mtu anayechagua pa kuweka kiti chake. Anataka kuwapiga kulungu wangu kutoka upande wake wa uzio. Ndivyo ninavyoona.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekuta matofaa. Lundo zima limemwagwa katikati ya tanipu zangu.

Niandike vizuri ili nisije nikasema nilikuwa na hasira tu. Katika wilaya yetu kupanda chakula cha wanyama ni halali, lakini kuwamwagia ni marufuku, kwa sababu ya ugonjwa ule unaowakondesha kulungu hadi wafe. Wakikutana pua kwa pua kwenye lundo wanaambukizana. Askari wa wanyamapori akikuta lundo la matofaa mbele ya dungu langu, hataniuliza nani kalileta. Nitapoteza kibali cha kuwinda, na bunduki pengine. Na mti wa matofaa wa karibu uko kwa Emmet.

Nilirudi na ndoo kuyaokota. Nilipofika, hayakuwepo hata moja. Nikadhani kulungu wameyamaliza.

Jumapili, 28 Septemba

Matofaa tena Ijumaa. Nikafunga kamera ndogo kwenye mti, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita. Leo nimefungua picha. Kulungu, kulungu, mbweha, kicheche, halafu Emmet Zastrow, jioni, kwenye tanipu zangu, na ndoo mkononi.

Nilimletea Rhoda picha kama wakili anayeleta ushahidi.

Aliitazama muda mrefu. "Hiyo ndoo inakwenda au inarudi?"

"Inakwenda wapi, inarudi wapi, Rhoda? Mtu yuko kwenye shamba langu na ndoo!"

"Nauliza tu. Na uso wake, umeuona uso wake?"

"Uso wa nini tena?"

"Amezeeka, Lyle. Tumekaa jirani, sikujua kwamba amezeeka hivi."

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemkabili. Nilimkuta kwenye uzio akikaza waya.

"Emmet, matofaa ni yako?"

Hakuinua kichwa. "Ni yangu."

"Unajua askari akiyakuta itakuwaje kwangu?"

"Najua."

"Sasa shida yako nini? Kama ni kilima, sema kilima tuyamalize!"

Hapo akainua kichwa, akaniangalia kana kwamba nimemtajia kitu cha zamani sana alichokwisha kukisahau. "Kilima," akasema. Kisha: "Ni mimi, Lyle. Haitatokea tena." Na akaendelea kukaza waya ambao ulikuwa umeshakazika.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mtu akikubali kosa upesi namna hiyo, hasira yako inabaki mkononi, hujui pa kuiweka. Nimekuwa nayo siku nzima.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baridi kali ya kwanza. Asubuhi majani yote yalikuwa na chumvi ya barafu. Baridi ndiyo inayotia tanipu sukari, na kweli jioni walikuja wengi kuliko siku zote, wanakula huku midomo inatoa mvuke.

Lakini mwisho wa shamba nimekuta tanipu zimeng'olewa na kupangwa kwenye nyasi, mstari mmoja ulionyooka, majani upande huu, mizizi upande ule. Haitatokea tena, alisema.

Jumamosi, 1 Novemba

Chakula cha pamoja cha kanisa leo, samaki mweupe, viazi, siagi iliyoyeyushwa. Akina Zastrow hawakuja. Rhoda alifunga pai la malenge akawapelekea njiani tukirudi. Mimi nilibaki kwenye pikapu.

Alirudi akiwa amekunja uso. "Emmet amepokea kwa ufa wa mlango. Hakunikaribisha. Nikamuuliza Arvilla yuko wapi, akasema amelala. Saa tisa mchana! Na nyuma yake nasikia mtu anatembea."

"Kuna roho mbaya mle ndani."

"Kuna kitu mle ndani," Rhoda akasema. "Sijui kama ni roho mbaya."

Nikamwambia nikikuta tofaa moja tu tena, moja, nampigia simu askari.

Ijumaa, 21 Novemba

Kesho msimu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa. Kila kilima kitakuwa na watu. Nimesafisha bunduki, nimetoa kizibao na kofia ya rangi ya chungwa, ili wawindaji wenzangu wasinidhani kulungu. Rhoda ametengeneza mkate wa nyama. Theluji nyepesi. Nina furaha kama mtoto, na sioni aibu kuiandika.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakufa. Nitaandika hilo kwanza. Hakufa, hajaumia, amekunywa vikombe viwili vya kahawa jikoni kwetu na kusema mayai ya Rhoda hayana chumvi.

Sasa niandike yalivyokuwa.

Nilipanda dunguni kukiwa bado kiza chepesi. Theluji ilikuwa imefunika shamba vipande vipande, majani ya tanipu yametokeza. Milio ya kwanza ilisikika mbali, vilima vya kaskazini. Kulipopambazuka kiasi cha kutofautisha mti na mti, nikaona kitu cha kahawia kwenye tanipu.

Kilikuwa kimeinama. Kinasogea kidogo, kinasimama, kinasogea, kama kulungu anavyokula. Kwa nyuma kitu cheupe kilicheza mara moja, mara mbili, kama mkia unapopunga. Hakuna kitu kingine msituni kinachopunga cheupe namna hiyo. Nilitoa mtutu dirishani taratibu, nikafungua kufuli ya usalama, nikaweka jicho kwenye darubini ya bunduki. Kahawia ikajaa darubini nzima. Nilikuwa na kibali cha jike, kwa hiyo sikuhitaji kusubiri pembe. Nilikuwa natafuta bega tu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kifyatulio.

Kile kitu kikang'oa tanipu, kikaiinua, kikaigonga gotini kuikung'uta udongo.

Kulungu hakung'uti udongo.

Sijui nilirudishaje kufuli. Nakumbuka kutoa risasi moja moja, na moja ikaanguka kati ya mbao za sakafu, na nakumbuka kupiga kelele, "Usipige! Usipige!" ilhali mtu pekee mwenye bunduki pale nilikuwa mimi. Ngazi nilishuka kwa makalio.

Alikuwa Arvilla. Nilikuwa sijamwona zaidi ya mwaka. Koti la sufu la kahawia, buti za mpira za Emmet zinazomzidi, na foronya nyeupe amejifunga kiunoni, imejaa matofaa, pembe yake inaning'inia nyuma. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Aliniangalia nikija mbio, ninahema, ninalia, kwa sababu ndiyo, nilikuwa nalia. Akakunja uso kama zamani.

"Umechelewa," akasema.

Nilifuta macho kwa mkono. Halafu nikasema, "Nisamehe, Mama Arvilla. Barabara ina barafu."

"Kila siku barafu. Maziwa yamejaa tangu alfajiri, na hawa nao hawajashiba." Akaelekeza msituni kwa tanipu. Na kweli, pembeni mwa miti majike matatu yalisimama yakimwangalia. Hayakukimbia. Mimi yananikimbia nikikohoa. "Yule mbele ni Goldie. Mchoyo. Yule mwembamba ni Trixie, hapendi kula wenzake wakimtazama. Lazima nimwekee zake kando."

Kando. Ule mstari ulionyooka kwenye nyasi.

Risasi zililia kilima cha pili, karibu. Arvilla akashtuka. "Nani anagongelea misumari asubuhi hii?"

Nilivua kizibao nikamvika, nikamvika na kofia. Akajitazama. "Rangi gani hii? Umenifanya boga."

"Boga zuri. Twende, Emmet anakusubiri."

"Na ng'ombe?"

"Nitawarudia mimi."

Tulishuka kuelekea kwao, mimi upande wa kilima chenye milio, yeye upande wa ndani, nimemshika mkono. Sasa mimi ndiye niliyekuwa bila rangi. Nikafikiri, wakisikia watu hawatapiga, basi nikaanza kuimba kwa nguvu zote wimbo wa kanisani, wa kwanza ulionijia. Sauti yangu ni ya kufukuzia kunguru. Arvilla akaudaka ubeti wa pili. Wa tatu mimi siujui. Yeye aliimba wa tatu na wa nne na wa tano, hakukosea neno.

Emmet alitokea kwenye uzio anakimbia, kichwa wazi, suruali ya kulalia chini ya koti. Alipoiona ile rangi ya chungwa akasimama. Akanitazama mimi, nisiye na kizibao. Akatazama juu kwenye dungu. Nikaona uso wake unapiga hesabu na kupata jibu. Akaketi kwenye theluji, pale pale, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ulimwona?" akauliza.

"Nilimwona."

"Kwa jicho, au kwenye darubini?"

Nikatazama chini. Akafunika uso.

"Inuka hapo, Emmet," Arvilla akamwambia. "Utapata baridi ya makalio, halafu nani atakuuguza?"

Niliwaleta wote kwetu. Rhoda alifungua mlango, akatutazama mmoja mmoja. Akaweka mayai jikoni.

Emmet alisema akitazama kikombe. Ilianza mwaka juzi, vitu vidogo, funguo kwenye jokofu. Kisha Arvilla akaanza kuwatafuta ng'ombe. Mwanzo wa kiangazi aliwaona kulungu kwenye klova yangu, na tangu siku ile amekuwa mtulivu kidogo, kwa sababu ng'ombe wamepatikana. Kila anapoponyoka anakwenda kule. Emmet humfuata, husimama kando akamwacha awatazame, maana ni saa pekee ambayo halii. Akimwaga matofaa, Emmet hurudi na ndoo kuyaokota yote. Usiku hutembea nyumba nzima, na Emmet hutembea naye. Leo Emmet alikuwa amefunga mlango wa mbele na wa nyuma. Arvilla alipitia chumba cha maziwa, mlango ambao hakuna aliyeupita tangu ng'ombe waondoke.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Nilikujia uzioni nikakutukana."

"Hukunitukana. Uliniuliza."

"Emmet! Ulisema ni wewe!"

"Ningesema ni nani? Huyu ndiye aliyekuwa akizalisha ndama kwa mikono yake wakati mimi nazimia. Ukishasema tu, watu wanaanza kukuambia kuna nyumba nzuri ya wazee kule mjini, vyumba vina joto. Afadhali mniite mimi mchawi wa matofaa kuliko wamwangalie yeye kwa jicho lile."

Rhoda alikuwa akimmenyea Arvilla chungwa. Bila kugeuka akasema, "Jumanne na Ijumaa. Atakuja hapa au nitakwenda huko. Na usibishane nami, Emmet Zastrow, nina mume wa kubishana naye."

Emmet akasukuma kikombe chake aongezewe.

Wameondoka. Nimekaa hapa na daftari. Kila nikifumba macho naona ile kahawia imejaa kwenye darubini. Kisha naona goti, na tanipu inakung'utwa, na pumzi inanirudia. Rhoda amepita nyuma yangu, amesoma juu ya bega langu, hakuficha. Ameniwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Jumapili, 23 Novemba

Sikuwinda. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 24 Novemba

Emmet na mimi tumefunga kengele kwenye mlango wa chumba cha maziwa, na kitasa kipya juu ambapo Arvilla hafiki. Ananyoosha mkono, nampa bisibisi. Nilimwambia kuhusu kilima: kwamba niliharakisha kukinunua nikijua anakitaka.

"Wakati huo nilikasirika wiki mbili," akasema. "Kisha nikapata mambo ya kweli ya kufikiria."

Ndiyo kusema tangu hapo chuki yote nilikuwa nikiibeba peke yangu, kwa niaba ya watu wawili.

Jumatano, 26 Novemba

Ibada ya kuamkia sikukuu ya shukrani. Emmet alikuja na Arvilla, wakaketi nasi. Mchungaji alipouliza kama yuko mwenye neno, Emmet akasimama. Akasema, "Mke wangu ni mgonjwa wa kusahau, anatembea vilimani, mkimwona mwiteni jina, hapendi kushikwa ghafla." Basi. Akaketi, masikio mekundu.

Hakuna aliyetaja nyumba ya mjini. Baada ya ibada wawindaji wa kilima cha pili, wanaume wakubwa wenye ndevu, walikuja mmoja mmoja kumpa Arvilla mkono na kumtajia majina yao, na yeye akawauliza kila mmoja ng'ombe wake wanatoa kiasi gani. Mmoja akasema ana mbuzi tu. "Pole," Arvilla akamwambia.

Alhamisi, 27 Novemba

Bata mzinga, viazi, mchuzi wa beri nyekundu. Karin alikuja kutoka mjini. Watu sita mezani ukimhesabu mbwa. Arvilla alimega nyama akasema, "Huyu alikufa kwa kiu." Rhoda alicheka mpaka akatoka nje.

Jumapili, 30 Novemba

Siku ya mwisho ya msimu. Friza yetu tupu.

Mchana Rhoda aliniambia, "Mchukue Emmet mwende huko juu. Arvilla ananifundisha kusuka kapeti, hatutaki wanaume hapa." Kwa kweli Arvilla alikuwa akifumua alichokisuka na kusuka tena, lakini kwa utulivu mkubwa.

Emmet alisema hajashika bunduki miaka mitatu. Nikamwambia shika yangu, mimi nitashika chupa ya kahawa. Akasema shika wewe yako. Tukapanda. Ngazi ilituchukua muda, wazee wawili tukisukumana na kuvutana. Tuliketi kwenye vile viti vyenye mito, blanketi juu ya miguu, rangi ya chungwa kila mahali. Upepo ulikuwa umekufa. Theluji ilikuwa ikianguka wima, polepole. Chini yetu tanipu zimeliwa nusu, udongo umechimbwachimbwa, mizizi ya rangi ya zambarau inachungulia.

"Umelima vizuri," Emmet akasema.

Nikaanza kumweleza habari za chokaa, kiangazi kile, tangi la maji. Nilipofika kwenye mvua ya Agosti nikageuka, nikamkuta amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani. Si usingizi wa kusinzia. Ni ule wa kwenda chini kabisa.

Jua lilipokuwa limekaribia kuzama, dume likatoka msituni. Kubwa. Pembe nene, rangi ya asali, shingo pana. Lilikuja moja kwa moja hadi kwenye tanipu, likageuka ubavu, umbali ambao hata Rhoda angepiga. Bunduki ilikuwa kwenye goti langu. Nililiangalia dume, nikamwangalia Emmet. Mlio wa bunduki ndani ya kibanda cha mbao ungempasua huyu mtu katikati ya usingizi wake.

Nikaiegemeza bunduki kwenye kona, taratibu, isigonge ubao. Nikamvutia blanketi hadi kidevuni. Dume lilikula kwa muda mrefu, kwa raha zake, likiinua kichwa mara kwa mara kututazama, Emmet akikoroma. Halafu likarudi msituni, na muda wa kisheria wa kupiga ukaisha, na msimu ukaisha nao.

Emmet aliamka giza linaanza kuingia. Alifuta mdomo, akatazama nje, akanitazama mimi, kwa aibu kidogo.

"Nimekosa kitu?"

"Hakuna," nikamwambia. "Hawakutoka leo."